Ng'ombe Hahesabiwi kwa Kidole

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nalisema mapema ili nisije nikaonekana najisifia uvumilivu ambao sikuwa nao. Marehemu mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikiwa nimekwisha nuna, na walimu wenzangu wa siku zile watakuambia kwamba chaki haikumaliza kipindi mkononi mwangu bila kukatika. Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyepelekwa kijijini, mbele kidogo ya Samuye, miaka ya sitini ikielekea ukingoni, akafundishe hesabu darasa la nne.

Na hesabu zenyewe sikuzipenda. Nilizikariri tu, nikafaulu, nikasonga. Aliyenibadilisha alikuwa mkufunzi wetu wa hisabati chuoni, mtu mwembamba, mpole kupita kiasi, ambaye alikuwa na swali moja lililomnyima raha. Kwa nini mtoto anayeimba saba mara nane hamsini na sita, bila kukosea, anashindwa kukuambia wiki nane zina siku ngapi? Kwa ajili ya swali hilo alikuwa akifanya utafiti juu ya njia mpya za kufundisha. Alichagua wanne kati yetu tuliokuwa tunamaliza chuo, akatupa kila mmoja daftari kubwa lenye jalada gumu. Tukifika mashuleni tujaribu kufundisha kwa vitu ambavyo watoto wanavijua kwao, na kila Ijumaa tuandike tulichojaribu na watoto walichofanya.

"Msiniandikie mnayotamani yatokee," alituambia. "Niandikieni yaliyotokea."

Nilikuta watoto arobaini na watatu wanaoimba. Walikuwa wakiimba jedwali la kuzidisha asubuhi kwa sauti za kupasua bati, mwalimu mkuu akitingisha kichwa ofisini kwake kwa furaha. Ukiwatoa kwenye wimbo, kimya. Niliuliza, mwenye mbuzi kumi na wawili akiwapa watoto wake watatu sawasawa, kila mmoja atapata wangapi? Mtoto mmoja akanijibu kwamba inategemea nani mkubwa. Nikakata chaki.

Lakini tukaanza. Tulichimba mashimo ya bao nje ya darasa, tukacheza kwa mbegu za ukwaju, na humo humo kwenye kuzigawa mashimoni ndimo walimoelewa kugawanya na baki. Tulifunga vijiti kumi kumi kwa kamba za katani, wakaona kwa macho kwa nini unakopa kumi ukitoa. Tulifunga mafundo kwenye kamba, tukapima darasa, tukapima uwanja, tukapima hata kitambi cha mwalimu mkuu, naye akakubali kwa shingo upande. Ndani ya miezi michache darasa lilikuwa na kelele za watu wanaobishana, na mimi nikawa naisubiri Ijumaa niandike. Kiburi kikaniingia, sikatai.

Kulikuwa na msichana mmoja, dawati la pili upande wa dirishani, miaka kumi au kumi na mmoja hivi. Kaka zake wawili walikuwa wamekwenda kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita, hivyo nyumbani amebaki yeye na wazazi. Alikuwa akinijibu kabla sijamaliza kuuliza, kwa haraka haraka, maneno yakikimbizana. Nikikosea ubaoni alikuwa akikohoa. Nilikuwa nikikasirika, halafu naangalia ubao, kweli nimekosea. Nilimpenda mtoto yule kuliko inavyomfaa mwalimu kumpenda mwanafunzi mmoja.

Siku moja nilitaka kuwafundisha namna ya kuchora takwimu, zile nguzo ndefu na fupi zinazosimama pamoja. Nikafikiri, hawa ni watoto wa wafugaji, kitu gani wanakijua kuliko ng'ombe? Nikawaambia, kesho kila mmoja aje na idadi ya ng'ombe wa kwao.

Watoto wakatazamana. Mvulana wa nyuma akasema, "Mwalimu, ng'ombe hawahesabiwi."

"Kwani wana miiba?" nikamjibu, na nikacheka peke yangu.

Hapo naomba nieleweke. Mimi ni Msukuma, baba na mama. Lakini nilizaliwa Shinyanga mjini kwenye nyumba za reli, baba yangu akipaka mafuta magurudumu ya mabehewa, na watu wa vijijini walikuwa wakituita Wasukuma wa stesheni. Ng'ombe niliowajua utotoni ni wale waliopakiwa kwenye treni, na wale walihesabiwa mmoja mmoja, karani akiwagonga mgongoni kwa fimbo. Bibi yangu alikuwa amenieleza kwamba ng'ombe hanyooshewi kidole, kwamba ukiwahesabu kwa sauti unaviita vifo. Nilikuwa nimeliweka neno hilo pamoja na yale ya kutopiga mluzi ndani ya nyumba na kutokalia kinu. Sikulikumbuka mpaka lilipokuwa limekwisha niangukia.

Kesho yake wengi walikuja mikono mitupu. Wengine walisema, "Wengi tu, mwalimu." Kuna wazazi waliodhani serikali ndiyo inayouliza, ina lake jambo. Aliyekuja na jibu alikuwa mmoja tu, yule wa dawati la pili. Alisimama kwenye lango la zizi alfajiri wakati ng'ombe wanatoka, akawahesabu kwa kidole, kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, kama alivyofundishwa. Thelathini na saba. Niliiandika ubaoni kwa tarakimu kubwa na nikaliamuru darasa limpigie makofi. Makofi yale yananiuma mpaka leo.

Siku ya tatu ng'ombe mmoja wa kwao akafa. Hakuwa ng'ombe hivi hivi, alikuwa jike aliyekuwa akitangulia wenzake njiani na mwenye maziwa kuliko wote. Alirudi jioni akipepesuka, povu mdomoni, akaanguka karibu na zizi na hakuinuka. Watoto waliniletea habari hiyo kabla kengele ya asubuhi haijagongwa, na waliniletea pamoja na sababu yake. Baba mtu amesema shule imemuulia ng'ombe. Binti yake hatakanyaga tena.

Dawati la pili likawa na pengo. Kufikia Ijumaa mapengo yalikuwa kumi na manne.

Mwalimu mkuu aliniita ofisini. Alikuwa mzee wa kazi, na hakuwa mbaya. "Nilikuambia fundisha kitabu," alisema. "Kitabu hakina ng'ombe." Kisha akashusha sauti. "Hao wengine wanamwangalia yule mmoja. Akirudi, watarudi. Asiporudi, mtihani huo hapo."

Hakuhitaji kunieleza. Miaka ile mtihani wa darasa la nne ndio uliokuwa ukiamua nani anaendelea na la tano na nani anarudi kwao moja kwa moja. Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Mtoto mwenye akili kuliko wote niliopata kuwafundisha angekosa mtihani, na aliyemkosesha ni mimi. Yeye hakuwa na kosa lolote. Alifanya kazi aliyopewa na mwalimu, basi.

Jumamosi nikaenda kwao kwa miguu. Njia nzima nilikuwa nikipanga hoja. Nilijua, kwa sababu kila mtu kule anajua, kwamba baada ya mvua za kwanza visiki vya mtama vinachipua, na machipukizi yale ni sumu. Ng'ombe akiyala anaanguka siku ile ile, tena kwa povu na kupepesuka vile vile. Jambo lenyewe lilikuwa wazi kabisa. Nilichotakiwa ni kwenda kulisema.

Baba yake nilimkuta akisuka kamba ya ngozi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanipa kigoda, akaniuliza habari za mjini kwetu na za kazi. Alikuwa mtu wa adabu, anayeongea polepole. Mkewe akaniletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Msichana hakutokea. Tulizungumza Kisukuma, changu kikiwa cha kuokoteza.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi sikukatazi kufundisha. Ila ng'ombe wangu si maharage."

"Baba, ng'ombe amekufa kwa mtama. Si kwa kidole cha mtoto."

"Ng'ombe wangu hawakufika kwenye mtama. Siku hiyo nilichunga mwenyewe, tangu asubuhi mpaka jioni."

"Basi hukuwaona."

Nilisema hivyo, jamani. Nyumbani kwake, nimekalia kigoda chake, maziwa yake yakiwa bado mdomoni mwangu, nilimwambia mfugaji kwamba hakuwaona ng'ombe wake. Mkewe aliinamisha kichwa. Mzee mwenyewe hakupandisha sauti. Aliirudia kamba yake, akasuka mizunguko miwili mitatu, ndipo akasema jua linakwenda, mwalimu ana safari ndefu. Hapo nimefukuzwa kwa heshima zote. Mdomo huponza kichwa, na wangu umeniponza mara nyingi, ila mara hiyo aliyeponzeka ni mtoto wa mwenzangu.

Wiki iliyofuata sikuwa na hamu ya kitu. Watoto waliobaki niliwarudisha kwenye kuimba jedwali, mwalimu mkuu akafurahi, na mimi nikaona haya kuwaangalia. Ijumaa nilifungua daftari la mkufunzi nikakaa nalo muda mrefu. Nilitamani kuandika kwamba somo la takwimu liliahirishwa kwa sababu ya mvua. Mwishowe niliandika yote, mpaka lile la "basi hukuwaona." Baada ya hapo nilijisikia vibaya zaidi, maana sasa lilikuwa limeandikwa.

Aliyekuja kuniokoa ni mama yake yule msichana. Nilikutana naye kisimani siku ya Jumanne, akiwa anasubiri zamu. Alinisogelea, akatua ndoo yake karibu na yangu, akaongea akiangalia maji.

"Mtoto haangalii ng'ombe," alisema.

Nikamuuliza ana maana gani.

"Wakirudi jioni anageukia ukutani. Anafumba macho. Zamani alikuwa anawajua kuliko baba yake, mmoja akipotea ndiye anayemtaja. Sasa hata kuku hataki kuwaangalia. Nikimwambia niletee bakuli nne, ananiletea zote nichague mwenyewe."

Nilikuwa nimefikiri nagombana na baba mtu. Kumbe mtoto mwenyewe ameamini kwamba ameua.

"Njoo kesho wakati ng'ombe wanarudi," mama akasema. "Ila usije na maneno mengi, mwalimu."

Nikamwahidi. Nilipofika, jua lilikuwa bado lina nguvu. Mama akanipa kazi ya kushika kamba ya ndama mmoja, nafikiri ili mikono yangu iwe na shughuli na mdomo upumzike. Msichana alikuwa kwenye ukuta wa jiko. Aliniamkia kwa sauti ndogo, hakuniangalia usoni. Alikuwa amepungua. Nilitamani kumkimbilia, lakini nilikuwa nimeahidi.

Ng'ombe walikuja na vumbi lao, baba yake nyuma. Aliponiona alinyanyua tu mkono. Akaenda kusimama kwenye lango la zizi, fimbo begani, ng'ombe wakampita wakiingia. Nilimwangalia midomo. Haikucheza. Hakuhesabu, kweli, aliwatazama tu wakipita. Wa mwisho alipoingia, mzee akabaki amesimama. Akatazama ndani ya zizi, akatazama njia waliyotokea, akatazama tena ndani. Kuna kitu hakikuwa sawa na alikuwa hajakipata.

"Nani hayupo?" akauliza. Hakuniuliza mimi wala mkewe. Alikuwa amezoea kumuuliza binti yake, na mazoea yakamtoka kabla hajakumbuka.

Msichana alikuwa amelaza paji la uso ukutani, mikono imefunika macho.

"Nakuuliza wewe. Nani hayupo?"

"Siwezi kuangalia, baba."

"Angalia tu. Nani amekuambia uhesabu?"

"Macho yanahesabu yenyewe," akasema. "Nikiwaangalia tu, yanahesabu. Sitaki afe mwingine."

Yule ndama niliyemshika alikuwa akinivuta, na mimi nikawa nimeng'ang'ania kamba kwa mikono miwili. Mama alikuwa amechuchumaa na kibuyu cha kukamulia, hakusogea. Mzee alitazama mgongo wa binti yake. Kisha akaiegemeza fimbo kwenye mti wa lango, akaenda mpaka ukutani, akachuchumaa pale chini karibu na miguu ya mtoto. Mtu mzima, mwenye zizi lake, mbele ya mkewe na mgeni.

"Mwanangu, hukumuua wewe," alisema. "Siku ile nilipitiwa na usingizi. Kaka zako hawapo, nilikuwa nimeamka usiku kwa ajili ya yule aliyekuwa anazaa. Nililala. Nilipozinduka walikuwa ndani ya mtama, na yeye ndiye aliyekuwa ametangulia. Niliwatoa, nikanyamaza."

Nakiri kwamba kitu cha kwanza kilichonijia kichwani kilikuwa, si nilisema? Hasira yangu haina adabu. Nilijiuma ulimi, kwa kweli nilijiuma, mpaka nikasikia chumvi ya damu. Halafu ile hasira ikanitoka yote mara moja, na nikamwegemea ndama. Mama alikuwa analia bila sauti huku akitabasamu. Nadhani alikuwa akijua siku zote, au akihisi, na alikuwa ameniita ili awepo mtu wa kusikia.

"Wewe ulihesabu tu," mzee akasema. "Aliyeua ni usingizi wangu. Geuka."

Msichana aligeuka. Alitoa mikono machoni kidole kimoja kimoja. Akawatazama ng'ombe, mara moja tu, kutoka upande huu mpaka upande ule, kwa muda ambao mimi nisingeweza kuhesabu hata kumi.

"Yule mtamba mwekundu mwenye alama usoni," akasema. "Mama yake anaangalia nyuma."

Na kweli, katikati ya zizi kulikuwa na ng'ombe mwekundu aliyesimama amegeuza shingo kuelekea njiani, wenzake wote wakitazama kwingine. Mzee akacheka. Alicheka kicheko cha mtu aliyetua mzigo, akashika fimbo, na baada ya muda mfupi akarudi na yule mtamba aliyekuwa amenasa kwenye korongo, hatua chache tu kutoka nyumbani.

Aliporudi alinigeukia. "Umesikia yote, mwalimu."

"Nimesikia, baba. Na mimi nilikukosea nyumbani kwako. Nisamehe."

"Hesabu za shule ahesabie shule," akasema. "Hapa kwangu aangalie tu."

Nikasema wabeja, asante kwa Kisukuma chetu, na nikalisema mara mbili. Nilirudi kwangu nikitembea haraka, peke yangu, nikicheka njiani hata mpanda baiskeli mmoja akanikwepa.

Ila mwanzo wa safari msichana alikuwa amenisindikiza mpaka kwenye njia panda, na njiani nilimuuliza ni vipi baba yake anajua bila kuhesabu kwamba mmoja hayupo. Akanishangaa, kama watu wanavyomshangaa Msukuma wa stesheni. Kila jike, alisema, anatembea na wanawe na wajukuu zake. Ukiwaangalia huoni ng'ombe mmoja mmoja, unaona ukoo. Ukoo huu mweusi, ukoo huu wa madoadoa, ukoo wa yule aliyeletwa na mahari ya shangazi. Ukoo ukiwa na pengo unajua, na ndani ya ukoo kila ndama ana mama yake wa kumlinganisha naye.

Nilisimama njiani. Kitabu kipya tulichoanza kuletewa mashuleni miaka ile kilianza na kitu kinachoitwa seti, makundi ya vitu na namna ya kuoanisha kitu cha kundi hili na cha kundi lile bila kuhesabu. Kilikuwa na picha za matofaa na vikombe vya chai. Mimi mwenyewe nilikuwa sijakielewa vizuri, nilikuwa nakifundisha kwa kubahatisha. Mtoto huyu amenieleza kwa sentensi nne, huku akipiga teke kijiwe.

Kwa hiyo baadaye seti tulizisoma kwa koo za ng'ombe zilizochorwa kwa mkaa kwenye vipande vya maboksi, bila idadi, na hakuna mzazi aliyelalamika. Baba mmoja hata alikuja kusahihisha mchoro wetu, akisema jike yule hawezi kuzaa rangi ile. Mkufunzi wangu alipopokea daftari mwisho wa mwaka, alisoma ukurasa wa makofi na ukurasa wa "basi hukuwaona" nikiwa nimekaa mbele yake, na mimi nikitamani sakafu inimeze. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama yule mtoto alifanya mtihani. Nikamwambia alifanya. Akavua miwani, akaipangusa, akasema, "Ah, afadhali," na akaendelea kusoma.

Lakini nimekimbia mbele. Ilikuwa asubuhi ile ya Alhamisi, baada ya jioni ya zizini. Nilifika shuleni mapema kuliko kawaida na nikawa nafuta ubao ambao ulikuwa msafi. Kengele ikagongwa. Watoto wakaingia, wakakaa, dawati la pili tupu. Nikaanza kuita majina kwa sauti ambayo nilijua si yangu. Nilikuwa nimefika katikati ya daftari la mahudhurio alipotokea mlangoni, anahema, ana fungu la michembe limefungwa kwenye kipande cha kanga.

"Shikamoo, mwalimu. Mama amesema hii ni ya darasa."

Viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani, kule hakuna mtoto asiyevijua. Nikamwambia aviweke mezani. Alivimwaga, akabaki amesimama hapo hapo. Darasa zima lilikuwa linamwangalia, maana kila mmoja alijua habari yake, na hakuna aliyekuwa na uhakika kama imekwisha.

"Vingapi?" nikamuuliza.

Niliogopa mara tu nilipouliza. Ningeweza kuvihesabu mwenyewe, ningeweza kumwambia akae. Alitazama michembe, akanitazama mimi, akatazama tena mezani. Akanyoosha kidole. Kilikaa juu ya kipande cha kwanza muda mrefu.

"Moja," akasema. Akasikiliza. "Mbili. Tatu."

Kwenye nne sauti bado ilikuwa ndogo. Kwenye saba ilianza kupata nguvu, na alipofika kumi na mbili ilikuwa ile sauti yake ya zamani, ya haraka haraka, maneno yakikimbizana, kidole kikiruka kutoka kipande hiki mpaka kile. Mimi nilisimama pale mbele ya darasa langu, machozi yananitiririka na sijali nani anaona, nikimwacha ahesabu mpaka kipande cha mwisho.